Barua ya wazi kuhusu paa la Masiro ya Kasubi: nyasi zitatoka wapi, na nani ataziezeka?

Kwa Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) na Serikali ya Kabaka (mfalme), Mengo. Kwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Na kwa wote waliokabidhiwa ulinzi wa Masiro ya Kasubi, Kampala.

Waheshimiwa,

Tarehe 12 Septemba 2023, Kamati ya Urithi wa Dunia iliyokutana Riyadh iliyaondoa masiro, yaani makaburi ya wafalme wa Buganda, pale Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yaliwekwa humo mwaka 2010, baada ya nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, kuteketea usiku wa tarehe 16 Machi. Kuirudisha nyumba ile kwa nyasi, matete na magome ya miti, kwa mikono ya watu wenye haki ya kuifanya kazi hiyo, ni jambo kubwa. Tunawapongeza bila kusita.

Tunaandika kwa sababu ya kazi inayofuata baada ya pongezi. Paa la nyasi huanza kuchakaa siku ile ile linapokamilika. Sisi ni watu wa kuezeka, wa mbao na wa ulinzi wa majengo ya kale, na ombi letu ni moja: Kasubi iwe na shamba lake la nyasi, iwe na mafundi wanaolipwa mwaka mzima, na iwe na fungu la matengenezo lililoandikwa kwenye bajeti kila mwaka, lisilosubiri paa livuje wala moto uwake. Yote tutakayoeleza hapa chini yanatoka katika ombi hilo.

Kwa wasomaji ambao hawajafika, tueleze mahali penyewe. Kilima cha Kasubi kiko kilomita 5 hivi kutoka katikati ya Kampala, pembeni mwa barabara ya Hoima. Eneo lote linakaribia hekta 30, na sehemu kubwa bado ni mashamba yanayolimwa kwa jembe la mkono. Mgeni huingia kupitia Bujjabukula, nyumba ya walinzi wa lango ambayo kuta zake ni matete yaliyosukwa. Akipita hapo hukutana na Ndoga-Obukaba, nyumba ya ngoma za kifalme, kisha uwanja mpana wa duara uliozungushiwa ua wa matete na nyumba za wajane wa kifalme. Mbele yake ndipo ilipo Muzibu Azaala Mpanga. Kutoka uwanjani ukuta hauonekani. Linaloonekana ni paa lililoshuka karibu na ardhi na mlango mpana ulio chini ya upinde wa nyasi.

Muteesa I alijenga hapo kasri lake mwaka 1882. Alipofariki 1884 alizikwa humo humo, na tendo hilo likavunja desturi mbili. Kabla yake mwili wa Kabaka ulizikwa mahali pamoja na taya lake likahifadhiwa pengine, na kila mfalme alikuwa na masiro yake peke yake. Mwili wa Muteesa ulizikwa mzima, pamoja na taya lake, na warithi wake wakamfuata kwenye nyumba ile ile: Mwanga II, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na kurudishwa 1910, Daudi Chwa II, aliyefariki 1939, na Edward Muteesa II, aliyefia London 1969 na kurudishwa 1971. Hivyo nyumba moja ya nyasi imebeba makabaka wanne, na paa likiharibika linaharibika juu ya wote wanne kwa mpigo.

Ndani, mgeni anapoinua macho huona pete zilizopangana kutoka ukingoni hadi kileleni. Pete hizo ziko 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda, na zimefungwa kwa kuti na nyasi kwa mkazo unaoufanya mviringo usipinde popote. Nguzo zimevikwa magome ya mti wa mutuba. Sakafuni kuna tabaka nene la mchaichai na juu yake mikeka. Nyuma ya pazia kubwa la gome ndiko Kibira, msitu mtakatifu walikoingia wafalme, na hapo mgeni hapiti.

Sasa tuje kwenye kiunzi, maana ndipo viongozi wengi hupata faraja isiyo na msingi. Matengenezo yaliyoanza mwaka 1938 yaliingiza chuma na zege katika jengo hili. Tangu hapo imezoeleka kudhani kwamba nyumba yenye mifupa ya chuma haina haraka ya kutazamwa. Lakini chuma hakizuii nyasi kuoza. Kinachofanya ni kuficha dalili. Katika nyumba ya fito na miti, paa likilowa fito huinama na mtu anaona kwa macho. Katika nyumba ya chuma umbo linabaki sawa huku nyasi zikigeuka mboji, na habari hupatikana siku tone linapomwangukia mgeni kichwani. Magome yanayofunika nguzo nayo yanaficha kutu na njia za mchwa. Kwa hiyo jengo hili linahitaji ukaguzi wa karibu kuliko nyumba ya kawaida ya nyasi.

Hebu tufanye hesabu ya maji, kwa sababu bila hesabu hii bajeti itakuwa ya kukisia. Kipenyo cha nje cha Muzibu ni mita 31. Duara la kipenyo hicho lina eneo la mita za mraba zipatazo 755. Kampala hupata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka. Ina maana kila mwaka paa hilo moja linapokea lita 900,000 za maji. Maji hayo hayana bomba la kupitia. Yote hutelemka juu ya nyasi hadi ukingoni. Mzingo wa ukingo ni mita 97, hivyo kila mita moja ya ukingo hupitisha zaidi ya lita 9,000 kwa mwaka. Nyasi za kileleni zinapokea mvua iliyozidondokea zenyewe tu. Za ukingoni zinapokea mvua yao na ya paa zima lililo juu yake.

Ndiyo maana paa la namna hii halichakai sawasawa. Ukingo huoza kwa wingi wa maji, na pia kwa matone yanayoruka kutoka ardhini na kulowesha nyasi kwa chini, upande usiopigwa na jua. Kilele huoza kwa sababu nyingine: hapo mwinamo ni mdogo, maji yanakawia kuondoka, na ndege hupenda kutua na kuchomoa nyasi za matundu yao. Upande unaokaa kivulini huota kuvu na ukoga wa kijani, hasa mti ukiuinamia. Na popote fundi alipokanyaga bila ngazi ya kulaza hubaki mfereji, kisha maji hufuata mfereji huo mwaka hadi mwaka.

Dalili zake zinajulikana na hazihitaji mashine. Baada ya mvua kubwa, ingiza mkono kwenye nyasi. Paa zima hulowa sentimita 2 au 3 za juu. Chini ya hapo panatakiwa pawe pakavu. Ukikuta unyevu umezama kidole kizima, sehemu hiyo imechoka. Nyasi nzima huinama. Iliyooza huvunjika na kuacha unga mweusi kwenye vidole. Ukiona ncha za nyasi za zamani zimejitokeza kwa ngazi ngazi badala ya kulala kama manyoya ya ndege, koti la juu limekwisha. Ukiona mistari ya udongo mwembamba ikipanda kutoka sakafuni chini ya gome la nguzo, mchwa wamekwisha kuingia.

Kuna jambo ambalo wazee wa nyumba za nyasi walilijua bila kuliandika: moshi wa jikoni ulikuwa dawa. Ulikausha nyasi kwa ndani na kufukuza wadudu. Muzibu haipikiwi, wala hatupendekezi iwashwe moto. Lakini tukiiondoa dawa ile lazima tuweke nyingine, nayo ni hewa na ukaguzi. Mtu mzima aliyeketi hutoa mvuke wa maji wa gramu 40 hadi 50 kwa saa. Wageni 40 wakikaa saa nzima wanaacha humo karibu lita 2 za maji, ambazo huishia kwenye magome, mikeka na nyasi za ndani. Siku ya mvua, wakiwa na nguo zilizolowa, ni zaidi. Mlango uachwe wazi kwa muda baada ya kundi la mwisho kutoka, na mchaichai wa sakafuni ubadilishwe kabla haujaanza kunuka uvundo. Tabaka bichi likiongezwa juu ya tabaka bovu, ubovu unabaki pale pale na unapanda kwenye mikeka.

Njia tunayoipendekeza ya kuliangalia paa ni kuligawa katika vipande 8 kwa kufuata dira: kaskazini, kaskazini mashariki, na kuendelea. Kila kipande kiwe na ukurasa wake kwenye daftari, na kipigwe picha kutoka mahali pale pale, mwezi ule ule, kila mwaka. Ukitumia hesabu ya chini kabisa, uso wa paa unazidi mita za mraba 850, maana paa lenye mwinamo lina uso mkubwa kuliko duara linalolifunika. Kila kipande basi kina zaidi ya mita za mraba 100. Vipande viwili vikivuliwa koti la juu na kuezekwa upya kila mwaka, paa zima huzungukwa katika miaka 4, na hakuna mwaka ambao jengo litahitaji fedha za kutisha. Kwa koti la unene wa sentimita 10, kazi ya mwaka inahitaji mita za ujazo zaidi ya 21 za nyasi zilizobanwa. Kuezeka paa lote kwa mara moja, kwa unene wa sentimita 30, kunahitaji zaidi ya 250. Waheshimiwa, tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo tofauti ya matunzo na dharura.

Hapo ndipo swali la kichwa cha barua hii linapokuja. Nyasi hizo zitatoka wapi?

Lusenke, nyasi ndefu inayoezekea nyumba hizi, inaonekana kuwa nyasi ya bure. Mkulima huichukia, huing'oa, na ikichomwa huota tena kutoka kwenye mizizi yake. Kwa sababu hiyo hakuna anayeipanga. Lakini viunga vya Kampala vimejaa nyumba, na mahali palipokuwa na uwanda wa kukata nyasi leo pana mabati. Anayetafuta mzigo mkubwa kwa haraka huishia kununua chochote kilichopo: nyasi fupi, nyasi changa, nyasi zilizochanganyika na magugu yenye majani mapana. Majani hayo hushika maji na kuoza kwanza, na yakioza huacha uwazi unaoozesha nyasi nzuri zilizo jirani. Nyasi changa zina utomvu mtamu unaowaita wadudu. Na nyasi zilizofungwa matita zikiwa mbichi hupata joto katikati ya tita na kuota ukungu kabla hazijapanda juu. Paa linaloezekwa kwa haraka ya namna hiyo litapendeza siku ya uzinduzi na kuvuja baada ya misimu michache.

Nyasi ya kazi hii hukatwa kiangazi, ikiwa imekomaa, imepukutisha mbegu na shina limegeuka rangi ya majani makavu. Kampala ina nafasi mbili: Desemba hadi Februari, na Juni hadi Julai. Ikatwe karibu na ardhi ili urefu usipotee. Ichanwe kwa mkono au kwa reki ya misumari hadi yabaki mashina marefu peke yake. Isimamishwe wima ikauke, isilazwe chini. Tita lifungwe likiwa kavu na lihifadhiwe kwenye banda lililoinuliwa, lenye hewa pande zote, na lililo mbali na jengo kwa sababu ya moto. Banda la akiba lijengwe kwa mabati, na hilo halina aibu yoyote. Si sehemu ya masiro.

Kasubi ina ardhi. Sehemu ya hekta zile inaweza kutengwa, kwa makubaliano na familia zinazolima pale, iwe shamba la lusenke lenye zamu ya kukatwa. Isipotosha, Ufalme una maeneo mengine nje ya mji. Jambo la msingi ni kwamba shamba liwe na mtu wa kuliangalia, lisichomwe ovyo, na mavuno yapimwe kila msimu kwa miaka 2 au 3 hadi ijulikane eka moja inatoa matita mangapi. Bila kipimo hicho, kila makadirio ya ukubwa wa shamba ni ya kubahatisha, yakiwemo yetu.

Tuliseme sasa suala la mikono, ambalo kwetu ni zito kuliko nyasi. Kuezeka nyumba za kifalme ni jukumu la watu wa ukoo wa Ngeye. Magome ya kifalme yametengenezwa na mafundi wa ukoo wa Ngonge chini ya kaboggoza, fundi mkuu wao wa kurithi, na UNESCO iliitambua kazi yao mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Haki hizi ni za ukoo, zina miiko yake, na hatuombi ziguswe. Tunachosema ni kwamba haki haimlishi mtu. Fundi anayeitwa mara moja baada ya miaka mingi hana budi kutafuta riziki kwingine, na mwanawe hatakaa kijijini kujifunza kazi ya kungojea. Mzee akiondoka, yanayopotea ni yale yasiyoandikika kirahisi: jinsi ya kujua kwa uzito wa konzi kwamba nyasi imekauka, mahali pa kuanzia kufunga pete ili ya mwisho isilegee, kipimo cha mwinamo kinachochukuliwa kwa jicho.

Mpango wa vipande viwili kwa mwaka unaondoa tatizo hilo pia. Kazi inakuwepo kila mwaka. Kikosi kidogo cha mafundi kinaweza kulipwa kwa mkataba, kila fundi mkuu akiwa na vijana wawili au watatu wa ukoo wake, na kazi yao irekodiwe kwa picha za video kwa kadiri miiko inavyoruhusu. Vivyo hivyo kwa magome. Gome la mutuba huvunwa wakati wa mvua, likiwa na unyevu wa kulainika, kisha hupondwa kwa nyundo za mti chini ya kibanda ili lisikauke upesi. Ukiagiza magome kiangazi unapata yaliyotengenezwa kwa kulazimisha, yanayopasuka kwenye mikunjo. Mituba ipandwe kwa wingi kwenye mipaka ya eneo lenyewe, kama ilivyokuwa desturi.

Na tafadhali, asitokee mshauri wa kuleta nyasi za plastiki. Zipo sokoni, zinauzwa kwa ahadi ya kudumu, na mahali pengine zinafaa. Kasubi iliandikwa katika orodha ya dunia mwaka 2001 kwa sababu ya ufundi huu hai. Zikiwekwa za plastiki, Ngeye hawatakuwa na kazi, na kilichobaki kitakuwa mfano wa nyumba.

Kuhusu moto hatutarudia mabishano ya 2010. Chanzo chochote kile, paa la nyasi likishika moto hufuata kanuni zile zile, na mpango wa ulinzi lazima uzijibu. Nyasi za paa zimepangwa kwa ustadi ili maji yasiingie. Hivyo hata maji ya zimamoto hayaingii: hutelemka juu huku moto ukitambaa chini ya koti. Mpira wa maji peke yake hauzimi paa la nyasi lililokwisha shika. Panahitajika kulabu za mpini mrefu za kuvuta nyasi chini, watu wanaojua mahali pa kukata ili kutenganisha kipande kinachoungua na kizima, na maji ya kulowesha kile ambacho bado hakijashika.

Japani ilifadhili mradi wa UNESCO wa kusaidia ujenzi huu kwa dola za Marekani 650,000, na kinga ya majanga ilikuwa sehemu yake. Wajapani wana sababu ya kujua. Katika kijiji cha Ogimachi, eneo la Shirakawa-go, nyumba za nyasi zimezungukwa na mizinga ya maji zaidi ya 50, na kila vuli mizinga yote hufunguliwa kwa pamoja kwa majaribio mbele ya wanakijiji. Siri ya mfumo wao iko kwenye lile jaribio la kila mwaka. Pampu ambayo haijawashwa miezi 6 haipo. Betri huwa imekufa, mafuta yamekauka, valvu imeganda kwa kutu, au ufunguo wa chumba uko kwa mtu aliyekwenda likizo.

Kwa hiyo tunaomba pampu ziwashwe kila mwezi na jaribio kamili lifanyike mara mbili kwa mwaka, kabla ya kila kiangazi, na majirani waalikwe. Tangi lipimwe kwa dakika badala ya lita: lita 50,000 zinazolisha mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, zinaisha ndani ya dakika 50. Je, gari la zimamoto linaweza kufika Kasubi ndani ya dakika 50 jioni, barabara ya Hoima ikiwa imefungana? Jibu la swali hilo ndilo linalotoa ukubwa wa tangi. Lango nalo lipimwe upana, na njia ya gari kubwa isigeuzwe maegesho ya boda boda.

Radi ni hatari ya kudumu kwenye kilima chochote kilicho karibu na Ziwa Nyanza. Mlingoti wa kinga usimame kando ya jengo, juu kuliko paa, na waya wake ushuke mbali na nyasi. Ukifungwa juu ya paa lenyewe unaleta cheche mahali pabaya zaidi. Upinzani wa udongo kwa umeme kwenye kitako chake upimwe kila mwaka wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Waya za umeme zisipite ndani ya nyasi kwa hali yoyote. Kwa majirani, ombi ni dogo ila linahitaji mtu wa kupita nyumba hadi nyumba: hakuna kuchoma takataka upande unaoelekea kilimani siku za upepo, wala fataki.

Tunapita haraka kwenye suala la wageni, maana mengi mnayafanya vizuri. Viatu huvuliwa, watu huketi mikekani, mwanamke asiye na gauni refu hupewa kitambaa cha kujifunga. Tuongeze machache. Viatu viwekwe kwenye rafu, maana vikirundikwa chini ya ukingo wa paa watu huinama na kugusa nyasi wanapovivaa, na mguso wa kila siku huzichomoa. Magome yasiguswe, mafuta ya mikono huyafanya meusi, na gome halioshwi. Makundi yawe na kikomo cha idadi. Bei ya tiketi ibandikwe langoni, pamoja na maelezo ya kiasi gani cha tiketi hiyo kinakwenda kwenye paa.

Waongozaji wazungumze Kiswahili. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na wageni wa kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanafika Kampala kila siku kwa biashara. Isitoshe, lugha hii ilisikika katika baraza la Muteesa I mapema. Wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wakifika Buganda tangu enzi za baba yake, Ssuna II, na Speke alipofika 1862 mazungumzo yake na Kabaka yalipita katika Kiswahili cha wakalimani. Mgeni wa Tanga au Mombasa anayeelezwa habari hizo kwa lugha yake ataona ana sehemu katika nyumba ile.

Na mafundi wanapokuwa kazini, pale miiko inaporuhusu, mgeni asimame kwa umbali aangalie. Tita likichanwa, gome likipondwa, pete ikifungwa. Tunaamini watu watalipa kuona kazi hiyo kwa moyo zaidi kuliko wanavyolipia kuona paa lililotulia, na fedha hiyo itarudi moja kwa moja kwa waliotenda.

Kasubi haiko peke yake. Masiro mengine ya Buganda, kwa mfano ya Wamala alikozikwa Ssuna II, yanahitaji nyasi zile zile na mafundi wale wale, lakini hayana jina la kuvutia wafadhili wa nje. Shamba la Kasubi na kikosi cha mafundi vikipangwa kwa ukubwa unaostahili, vinaweza kuyahudumia na hayo kwa zamu. Hili likusudiwe tangu mwanzo, wakati wa kupima shamba.

Tunaomba majibu ya maandishi, yaliyo wazi kwa umma, kwa mambo haya: ni ardhi ipi itakayotengwa kwa lusenke na lini, ni nani anayeshika daftari la vipande 8, mafundi wangapi watakuwa na mkataba wa mwaka, pampu ziliwashwa mara ya mwisho tarehe gani, na fungu la matengenezo ni shilingi ngapi, kutoka Mengo na kutoka Wizarani. Nyasi za koti lijalo zinatakiwa zikatwe Januari na zipande juu kabla mvua za Machi hazijaanza, kwa hiyo majibu yakifika Novemba bado kuna muda wa kutafuta wakataji, kujenga banda la akiba na kuanza na vipande viwili vya upande wa kivuli.

Wenu kwa heshima,
Mafundi na watunzaji wa majengo ya nyasi